Babangu akataa tulale msituni Arabuko: ati Gede wenyewe walihama, sisi na hema ni kina nani?

#1 MwanaMlaleo
Salaam wanajukwaa. Sisi ni kikundi cha binamu na majirani, Mlaleo na Bombolulu, twataka kutoka wikendi moja kabla masika hayajashika tukapige kambi. Nilitafuta mahali penye miti ya kweli, si mivinje miwili ya hotelini, penye ziwa au bwawa, na pawe karibu na pahali pa kale watoto wapate la kuona. Nikaangukia msitu wa Arabuko-Sokoke: tulale msituni, asubuhi tuingie magofu ya Gede, ule mji wa kale wa Waswahili uliohamwa, jioni tukae kando ya Ziwa Jilore tuchome mahindi. Watu wakachanga, hema tukaazima.

Tatizo ni babangu. Hakugomba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Watu waliokuwa na msikiti wa mawe, na choo ndani ya nyumba, na ukuta kuuzunguka mji, walitoka pale usiku mmoja wakaacha vyungu mekoni. Nyinyi mwaenda kulala ndani ya kitambaa?" Tangu hapo mamangu naye kageuka, na wale binamu wa Changamwe hawapokei simu.

Naomba mawili. Aliyelala kule atwambie palivyo. Na mwenye elimu anipe jibu la kumpelekea mzee: Gede waliondoka kwa nini?

#2 FundiSofaKongowea
Mwambie mzee kuna godoro. Wazee wetu hawaogopi majini, waogopa kulala chini.

#3 KadzoWaGede
Karibuni kwetu. Nimezaliwa hapa, na mamangu alikuwa mmoja wa wanaofuga vipepeo chini ya Kipepeo, ule mradi ulioanza 1993 pale pale kwenye magofu. Mabuu hulelewa na wanavijiji, yakishajifunga kuwa pupa yakauzwa ng'ambo, pesa zikarudi nyumbani. Kwa hiyo msitu huu naujua kwa miguu.

MwanaMlaleo, ramani yako ina kasoro. Kambi unayoisema iko karibu na kituo cha msitu cha Gede, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kabla hujafika njia panda ya Watamu. Kutoka hapo hadi magofuni ni mwendo mfupi wa tuktuk. Ziwa Jilore liko kaskazini kabisa, upande wa mto Sabaki, na kulifikia wapitia Malindi ukashika barabara ya Kakoneni. Msitu una kilomita za mraba zipatazo 420, ndio msitu mkavu mkubwa wa pwani uliobaki Afrika Mashariki. Wageni waona "ziwa" na "magofu" kwenye tangazo moja wakadhani ni kutoka Kibokoni hadi Makadara.

La malipo pia mlijue mapema. Msitu wasimamiwa na Shirika la Misitu pamoja na KWS, shirika la wanyamapori. Magofu ni ya Makavazi ya Taifa. Risiti ya huku haikuingizi kule. Malipo ya KWS ni eCitizen, ile tovuti ya serikali, si noti mkononi, na mtandao huku hucheza, basi lipeni mkiwa bado mjini. Kuna watu nimewaona wamesimama langoni wanatafuta mtandao hadi jua likazama, watoto wanalia njaa.

Usiku kuna giza. Nasema giza, si lile la Mombasa stima ikipotea.

#4 MwanaMlaleo
Ahsante dadangu. Kumbe ziwa liko mbali hivyo. Hakuna maji yoyote karibu na kambi ya Gede?

#5 KadzoWaGede
Yako mabwawa ya msimu ndani. Mvua zikinyesha hujaa, bata wakashuka, na ndovu huja kunywa. Hapo huendi bila askari wa msitu au muongozaji. Na ng'ambo ya barabara kuna Mida, lakini hiyo ni hori ya bahari, usiniulize kama ni ziwa. Kuna daraja la mbao la kuning'inia juu ya mikoko, na ada yake hulipia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu. Nendeni, mtakuwa mmesaidia.

#6 NahodhaMstaafu
Kwa wale ambao bado macho yao yako Jilore: yale ni maji ya Sabaki. Na Sabaki ni Galana ile ile, Athi na Tsavo zikishakutana kule juu mbugani. Mto ule una mamba na una viboko. Mto ukifurika, maji yake na ya ziwa ni kitu kimoja, na mamba hasomi ubao wa KWS. Mahindi chomeni, lakini hema mbali na ukingo, na hakuna kuoga. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi. Ukimziba njia ya kurudi hana mazungumzo.

#7 ChakiNaUbao
Nimefundisha historia miaka mingi, niruhusuni kumjibu mzee.

Vyungu mekoni si kweli, na usiku mmoja si kweli. James Kirkman aliichimba Gede kuanzia 1948 hadi 1958. Alichokikuta ni mji ulioisha polepole. Ukuta wa nje wazunguka ekari kama 45. Ndani yake kuna ukuta mwingine, unaobana eneo dogo zaidi, nao wadhaniwa kuwa wa karne ya 16. Mtu hajengi ukuta mdogo ndani ya mkubwa kama watu wanaongezeka. Kwa maelezo yake mji ulififia mwanzoni mwa karne ya 16, watu wakarudi wakiwa wachache, kisha mwanzoni mwa karne ya 17 ukabaki mtupu. Hapo pana kama miaka mia. Huo ni usiku mrefu sana.

Na wala hapakuwa kijiji. Kaburi lenye tarehe limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: nyumba ya sarafu za Kichina, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kauri. Watu walikuwa wakinunua kutoka China na Bara Hindi.

Waliondoka kwa nini? Swali hilo ukiliuliza utapata majibu kulingana na umemuuliza nani.

#8 ShekheWaKibokoni
Mwalimu azunguka. Ni Wazimba. Walitoka kusini, wakaivunja Kilwa 1587, mwaka 1589 wakaingia Mombasa hapa wakafanya walilolifanya, kisha wakaelekea Malindi. Gede iko njiani. Waliokuwa na akili walikimbia mapema.

#9 MtotoWaJomvu
Shekhe, Wazimba walishindwa Malindi, na waliowashinda ni Wasegeju. Jeshi linalopita mbio namna ile halikai kuua mji wa ndani taratibu kwa miaka mia. Na hao hao Wareno walioandika habari za Wazimba, Wareno waliokuwa wakiingia na kutoka Malindi tangu Vasco da Gama atie nanga 1498, hawaitaji Gede hata mara moja. Mji wenye msikiti mkuu, kilomita chache kutoka kwa rafiki zao, na hawauoni? Labda ulishakufa wakati huo.

#10 ShekheWaKibokoni
Au labda Gede hawakutaka kuonekana. Si kila mtu alikuwa akikimbilia ufuoni kumpungia Mreno mkono kama jirani zao.

#11 ChakiNaUbao
Hilo nalo lina uzito, lakini lakuharibia la Wazimba. Kama walijificha vizuri hivyo, Wazimba waliwaona wapi?

#12 TangaMakorora
Wakuu, naufuata uzi kutoka Tanga. Kwetu Tongoni nako kuna msikiti na makaburi ya nguzo, na ubishi ni huu huu. Endeleeni.

#13 BiMkubwaKuze
Wanangu mwafanya mzaha. Yule mzungu mchimbaji mwenyewe aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kuna kitu chamtazama kutoka nyuma ya kuta, si adui wala si rafiki. Huyo hakuwa mtu wa uganga. Alikuwa msomi, na ndiye aliyeitunza Fort Jesus ilipofanywa makavazi. Mwanangu MwanaMlaleo, mzee wako hakosi. Mkienda ombeni dua, na msiwaite watoto kwa majina usiku.

#14 FundiSofaKongowea
Bi Mkubwa, kama hatuwaiti majina tutawaitaje, "wewe wa kaptura nyekundu"?

#15 BiMkubwaKuze
Cheka. Utanipigia simu saa nane usiku.

#16 FundiKisimaLikoni
Nimewasoma wote, sasa nisikizeni mimi ninayechimba. Nenda Gede uangalie visima kabla ya kuangalia misikiti. Kile kisima cha karibu na msikiti mkuu kina dalili ya kuongezwa kina. Huongezi kina kwa raha, kazi ya kukata mwamba wa matumbawe ni kifo. Waongeza kwa sababu maji yameshuka.

Na pwani hii maji yakishuka si kwamba yameisha tu. Chini ya huu mwamba wetu maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi. Ukiteka kuliko mvua inavyorudisha, chumvi yapanda kukujia. Leo hii Nyali na Likoni kuna visima ambavyo watu huogea tu, chai haipikiki. Sasa fikirieni mji mzima na wanyama wake wateka karne mbili tatu. Hakuna Mzimba hapo. Kuna ndoo iliyotoka na maji ya chumvi, siku moja, halafu kila siku.

#17 MtotoWaJomvu
Hili ndilo jibu la kumpelekea mzee.

#18 KadzoWaGede
Subirini. Mwasema maji yaliisha, lakini tazameni miti. Magofu yale yamemezwa na mikuyu na mibuyu, mizizi imeshika kuta kwa nguvu. Kima wanaruka juu mchana kutwa. Babu zetu walipofika maeneo haya walilima na kuchimba visima vyao. Kama ardhi ilikuwa imekufa kwa chumvi, huo msitu ulikula nini?

#19 FundiKisimaLikoni
Kadzo, mji ukihama hakuna anayeteka. Mvua hunyesha, maji matamu hurudi polepole. Miti ilikuja baadaye. Wewe wauona mji umepumzika, mimi naongea habari za mji ulipokuwa wachoka.

#20 ChakiNaUbao
Maelezo mazuri, ila yana shimo. Kama ni maji, kwa nini wajenge ukuta? Ukuta hauzuii chumvi. Ule ukuta wa ndani ni wa watu wenye hofu. Waoromo, ambao wazee wetu waliwaita Wagala, walikuwa wakishuka kutoka kaskazini wakati huo huo, na miji mingi ya bara karibu na pwani ikaanza kulegea. Tena mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na mfalme wa Malindi akahamia Mombasa. Mlinzi wa jirani kaondoka, na biashara kaondoka nayo. Kwa nini Gede wabaki?

#21 FundiKisimaLikoni
Wajenga ukuta mdogo kwa sababu watu wamebaki wachache. Na wamebaki wachache kwa sababu gani? Rudi kisimani.

#22 SalimWaMtwapa
Na huku kwetu Jumba la Mtwana je? Karne ya 14 kulikuwa na misikiti minne ufuoni, karne iliyofuata kimya. Kirkman pia ndiye aliyepachimba, 1972. Wapo wanaosema maji, wapo wanaosema vita, wapo wanaosema biashara. Kwa hiyo hili si la Gede peke yake. Kila gofu la pwani lina kesi yake na mashahidi hawafiki.

Lakini MwanaMlaleo, kwani lazima Gede? Nguuni iko hapo nyuma ya Bamburi, kuna mabwawa, mikoma, twiga na mbuni, watu hupiga kambi, na ukisahau chumvi warudi nyumbani kuichukua.

#23 MwanaMlaleo
Nguuni najua ami, ni pazuri. Lakini mtoto wa Bombolulu ukimlaza Nguuni ataona taa za Kiembeni. Nataka wapotee kidogo.

#24 MtotoWaJomvu
Na Haller Park?

#25 SalimWaMtwapa
Haller ni ya matembezi ya mchana. Ingawa ile ndiyo historia ya miti: lilikuwa shimo la mawe ya simiti, jeupe, hata nyasi haikubali. Mwaka 1971 wakaanza kupanda mivinje. Majani yake hayaozi upesi, wakaletwa jongoo wakayala, udongo ukapatikana. Leo waenda kulisha twiga usijue ulisimama juu ya machimbo.

#26 MamaSwabriMagongo
Wa kwanza kulala Arabuko humu ni mimi, kwa kuwa wote mwasimulia habari za karne ya 16 tu.

Tulienda kundi la akina mama na mabinti, na askari wa msitu wakitujua tulipo. Mchana raha tupu. Kivuli, vipepeo, na yule sengi wa makalio ya dhahabu, kinyama cha pua ndefu mfano wa panya, akipita mbio kama ametumwa dukani. Kula tulikula, mbaazi za nazi na mahamri tuliyoyapika nyumbani. Matatizo yalianza saa tano usiku. Kitu kilikuwa kikitembea kuzunguka hema. Hatua kwenye majani makavu: shwa, shwa, chasimama. Shwa, chasimama. Ukiwasha tochi hakuna kitu. Ukizima, shwa. Baadaye kitu kingine kikalia juu ya mti, sauti ya mtoto mchanga kabisa. Mabinti wote wakahamia hema moja, la watu wawili.

Asubuhi hakuna kilichoibiwa isipokuwa kipande cha mahamri. Mwenye kujua atwambie kilikuwa nini.

#27 FundiSofaKongowea
Ni yule mwalimu, atafuta ukuta wa ndani.

#28 MtotoWaJomvu
Huyo ni sengi. Hutembea kwenye majani na hupiga mkia chini akishtuka. Kishindo chake mtu aweza kudhani ni mnyama mkubwa, kumbe hana uzito wa kilo moja.

#29 KadzoWaGede
Si sengi. Sengi ni wa mchana. Jua likitua huingia kwenye kiota chake cha majani akalala. Saa tano usiku ukimwona sengi nje basi naye kafukuzwa. Sauti ya mtoto ni komba, hilo halina ubishi, msitu mzima umejaa komba. Hatua ni panya buku. Na mahamri yaliliwa na panya buku, huyo hubeba chakula akaweka akiba.

#30 MamaSwabriMagongo
Panya gani ana hatua zile? Nilihesabu kwa sikio, ni miguu miwili.

#31 NahodhaMstaafu
Miguu miwili ni mtu. Msitu huo una wakata miti na wategaji, ndio maana askari wanazunguka usiku. Mnyama mimi simwogopi kama mtu asiye na tochi. Ukipiga kambi, piga palipotengwa, palipo karibu na kituo. Haya ya kutafuta faragha katikati ya msitu waachieni komba.

#32 TangaMakorora
Je, sauti haikuwa ya bundi? Kuna yule bundi mdogo wa Sokoke, hazidi urefu wa kiganja na vidole. Duniani yupo huko kwenu na huku kwetu Usambara ya Mashariki tu. Sauti yake ni kama mluzi mfupi unaorudiwa rudiwa.

#33 KadzoWaGede
TangaMakorora umesema kweli, ila huyo hapatikani karibu na kambi. Msitu huu una sehemu tatu. Huku mashariki, karibu na barabara, miti imechanganyika. Katikati kuna miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe. Magharibi udongo ni mwekundu na vichaka vimebanana, huko ndiko bundi wa Sokoke huishi. Waongozaji wetu humjua mpaka kwa tawi analolalia mchana. Ukimtaka, mlipe muongozaji. Na siku ya mvua usithubutu huo udongo mwekundu na gari dogo.

#34 BiMkubwaKuze
Mmetaja panya, mmetaja bundi, mmetaja mwizi. Bado hamjamtaja anayetembea kwa miguu miwili, akiwashiwa tochi haonekani.

#35 MamaSwabriMagongo
Bi Mkubwa mimi nitarudi kule na mabinti, usiniharibie.

#36 ShekheWaKibokoni
Ndovu je? Msitu una ndovu.

#37 KadzoWaGede
Ndovu wapo, na mashamba yamezungushiwa ua wa stima kwa ajili yao. Lakini ndovu akija karibu nawe hutasikia shwa shwa. Mwili wote ule na hatua haisikiki, wasikia tawi likivunjika tu, tena ameshafika. Mama Swabri hakuzungukwa na ndovu, angekuwa ameandika uzi wake mwenyewe.

#38 MwanaMlaleo
Haya, tuingie jikoni. Twapanga kubeba katoni ya maji ya chupa, sahani za plastiki za kutupa, makaa na jiko. Kuni tutaokota.

#39 SalimWaMtwapa
Hapo utarudishwa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku kwenye mbuga, misitu ya hifadhi na fuo zilizolindwa. Chupa za maji, sahani, vijiko, mirija, vyote. Mifuko yenyewe ilikufa tangu Agosti 2017, hiyo wajua. Bebeni maji kwa mitungi ya lita ishirini, na sahani zenu za bati.

#40 KadzoWaGede
Na kuni hamuokoti mkaenda zenu. Ulizeni kituoni kwanza, moto huwashwa palipoandaliwa tu. Majani makavu ya Februari na Machi yashika moto kwa cheche. Beba meko ya gesi ndogo uishi kwa amani. Chakula kifungeni ndani ya gari. Kima wa Gede wamezoea ndizi za watalii, hawaombi tena, hupokonya.

Siafu pia, hakuna aliyewataja. Kabla ya kutandika hema tazameni chini. Mkiona mstari mweusi watembea, hamieni kwingine, msijaribu kupigana nao. Na chandarua, hata kama hema lina wavu.

#41 MtotoWaJomvu
Kidogo nje ya mada. Nilisoma mahali kwamba Gede haimo kwenye Urithi wa Dunia, iliyomo ni Lamu, Fort Jesus na kaya za Mijikenda, ile misitu yao mitakatifu.

#42 ChakiNaUbao
Ulisoma cha zamani. Lamu 2001, kaya 2008, Fort Jesus 2011. Gede iliingizwa na UNESCO Julai 2024.

#43 KadzoWaGede
Na tukitaja kaya, watoto wasidhani historia ya huku iliishia kwenye mawe. Mkifika Jilore mtakuwa mmesimama karibu na Sabaki, mto uliopiganiwa. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitaka Wagiriama waliokuwa ng'ambo ya kaskazini wahame warudi kusini, wakaacha mashamba mazuri. Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikuwa tayari amekamatwa 1913 na kupelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Hapo hamhitaji Kirkman kuwaambia watu walihama kwa nini. Walichomewa nyumba.

#44 ChakiNaUbao
Ahsante Kadzo. Hili nami nitalitumia darasani. Tena lanipa nguvu: watu huhama wakihamishwa.

#45 FundiKisimaLikoni
Mwalimu bado hujajibu la kisima.

#46 ChakiNaUbao
Nawe hujajibu la ukuta.

#47 ShekheWaKibokoni
Nanyi nyote hamjajibu la Wazimba.

#48 MwanaMlaleo
Basi jamani. Nimemsomea mzee posti zote jana baada ya isha. La maji alilisikiliza, la Waoromo akatikisa kichwa, la Mama Swabri akaniambia nilisome tena. Hajasema ndiyo. Twaendelea na mipango. Siku ya pili Jilore tutaenda mchana tu, tutazame ndege turudi. Nauliza la mwisho: lile daraja la Mida twende saa ngapi?

#49 NahodhaMstaafu
Usiulize saa, uliza mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukimbia mbali. Kupwa huwa kama saa nne, saa tano asubuhi, na tope lote liko wazi, ndege wamejaa wanachokoa. Siku za maji mafu hori haijai wala haikauki, mtatembea juu ya daraja mkaona mikoko tu. Fikeni maji yakianza kujaa, ndege husogezwa karibu na daraja.

#50 KadzoWaGede
Nahodha kasema sawa. Ila bamvua ni mbili. Mkija mwezi mpevu mtaona njia bila tochi lakini nyota hamtaziona. Mkija mwezi mwandamo, nyota zote zenu, na giza lile nililowaambia.

#51 MamaSwabriMagongo
Mwezi mpevu, mwanangu. Nisikize mimi.

#52 MwanaMlaleo
Binamu wa Changamwe kapokea simu. Naye ataka mpevu.